Haioni, Haitambui, Haisomi: Kamera na Kompyuta katika Miji ya Butembo na Beni

Katika miji ya Butembo na Beni, jimboni Kivu ya Kaskazini, picha ni biashara na pia ni ushahidi. Mpiga picha huajiriwa kwenye harusi, ubatizo na mahafali, na kati ya shughuli hizo hujipatia riziki kwa picha ndogo za vitambulisho. Lakini tangu Oktoba 2014, yalipoanza mauaji ya raia katika eneo la Beni, kamera hiyo hiyo imekuwa chombo cha kuwekea kumbukumbu za waliouawa na za nyumba zilizochomwa. Na wakati wa mlipuko wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, palikuwa na mambo mengi katika miji hii miwili ambayo hayangepigwa picha mara ya pili. Picha zote hizo, za furaha na za msiba, hupita njia moja: hutoka katika kadi ya kamera na kuingia katika kompyuta. Njia hiyo inapozibika, mwenye kamera humwendea fundi na kumwambia kwamba mashine haioni kamera.

Kauli hiyo ni fupi mno. Ndani yake zimefichwa kasoro tatu zisizofanana, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu kwa nyingine. Makala haya yanakusudia kuzieleza kasoro hizo moja moja, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kuzitofautisha, ila havitumiwi ipasavyo.

Hapana budi kwanza kukumbuka hali ya lugha katika miji hiyo. Nyumbani wengi husema Kinande. Sokoni, na baina ya watu wa makabila mbalimbali, hutumika Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Shuleni na ofisini hutawala Kifaransa. Kompyuta nazo husema Kifaransa. Skrini inapoandika « Périphérique USB non reconnu », fundi husoma, huifasiri papo kwa papo, na mteja huondoka na neno moja tu: haioni. Hapo ndipo maarifa yanapopotea, kwani mtambo haukusema kwamba hauoni. Ulisema kwamba umeona kitu na umeshindwa kukitambua.

Mwunganisho wa USB, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ni mfano wa mahojiano ya mgeni anayebisha hodi. Ndani ya waya wa kawaida mna nyuzi nne: mbili huleta umeme wa volti 5, na mbili hupitisha habari. Kamera inapochomekwa na kuwashwa, hubadilisha hali ya umeme katika mmojawapo wa nyuzi za habari, na kwa ishara hiyo kompyuta huona kwamba pana mgeni mlangoni. Kisha humwuliza jina. Kamera hujibu kwa tarakimu mbili, ya kiwanda na ya aina ya kifaa. Canon, kwa mfano, hujitambulisha kwa 04a9 na Nikon kwa 04b0. Kompyuta ikipata programu ya kuendeshea kifaa cha namna hiyo, imemtambua. Baada ya hapo tu ndipo huanza kufungua folda, ambayo katika takriban kamera zote huitwa DCIM, na kusoma picha zilizomo. Kuona, kutambua, kusoma: ni hatua tatu zinazofuatana, na kila moja yaweza kukwama peke yake.

Kompyuta isiyoona haisemi lolote. Hakuna mlio, hakuna ujumbe. Kasoro hii ndiyo inayotisha kuliko zote na ndiyo rahisi kuliko zote. Pengine kamera haikuwashwa, au betri yake imedhoofika, au ni ya aina isiyozungumza na kompyuta mpaka iwekwe katika hali ya kutazamia picha. Mara nyingi zaidi kosa liko kwenye waya. Madukani mna nyaya nyingi za bei nafuu ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu tu: zina nyuzi mbili za umeme, na zile mbili za habari hazimo kabisa. Waya wa namna hii humhadaa mtu, maana taa ya kamera yaweza hata kuwaka. Jaribio lake ni kutumia waya ambao umekwisha kuhamisha picha za kifaa kingine siku ile ile. Aidha, inafaa kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, wala si kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake, kwani tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na zikigawanywa kwa vifaa vinne hazimtoshi yeyote. Wenye simu za Android, ambao sasa ni wengi kuliko wenye kamera, wajue kwamba simu zao nyingi huchaji tu hadi mwenyewe aguse skrini na kuchagua kuhamisha mafaili.

Kompyuta isiyotambua, kwa upande mwingine, hulia na kuandika. Hapa waya una nyuzi zote, lakini huenda umechakaa na jibu la kamera likafika limekatikakatika. Au jibu limefika zima na hakuna programu ya kulipokea. Zamani, katika siku za Windows 98, kila kamera ilikuja na sahani yake ya CD, na aliyeipoteza alikuwa amepoteza ufunguo. Windows XP ya mwaka 2001 iliondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, kwa kuwa ilielewa njia mbili za kawaida: ile ambayo kamera hujifanya diski, na ile ambayo hubaki kamera na kutoa picha kwa utaratibu uitwao PTP. Kamera nyingi za zamani humruhusu mtumiaji kuchagua njia katika orodha ya mipangilio. Isipotambuliwa kwa moja, ijaribiwe kwa nyingine. Ni jambo la nusu dakika, lakini mafundi wengi huliruka na kukimbilia kufuta Windows nzima. Vinginevyo hufunguliwa « Gestionnaire de périphériques », kifaa chenye alama ya njano huondolewa, kompyuta huzimwa na kuwashwa upya, kisha kamera huchomekwa tena katika tundu jingine ili mahojiano yaanze mwanzo.

Kasoro ya tatu ndiyo yenye hatari. Kamera imeonekana, imetambuliwa, herufi ya diski imejitokeza. Lakini kadi haisomeki. Wakati mwingine sababu ni umri tu. Kadi za SDHC, za kuanzia zaidi ya gigabaiti 2 hadi 32, zilianza mwaka 2006, na visoma kadi vilivyotangulia haviwezi kuzielewa. Zile kubwa zaidi, SDXC za mwaka 2009, hutumia mpangilio wa mafaili uitwao exFAT, ambao Windows XP haikuujua mpaka ilipoongezewa sasisho. Kadi mpya katika kompyuta kuukuu yaweza basi kuonekana mbovu, na kumbe ni nzima.

Wakati mwingine kadi imeumia kweli. Mji wa Butembo uliishi miaka mingi bila umeme wa gridi ya taifa, wafanyabiashara wakitegemea jenereta na paneli za jua, na ni wazi lipi huipata kadi pale jenereta inapoishiwa mafuta katikati ya kuhamisha picha kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Picha zenyewe aghalabu zimo, lakini orodha inayoonyesha kila picha ilipo imevurugika. Ni sawa na maktaba ambayo vitabu vimo rafuni na daftari la katalogi limeungua. Kwa sababu hiyo mwenye busara hunakili picha, hazihamishi. Hazifuti kwenye kadi mpaka azifungue kwenye kompyuta na kuziona.

Hapo ndipo skrini hutoa swali linaloangamiza: diski yapaswa « formater » kabla ya kutumiwa, je, ifanyiwe hivyo? Mtu anayesikia neno hilo kwa mara ya kwanza hulidhania kuwa jina la matengenezo, na swali limekaa kama ushauri wa daktari. Fundi akilifasiri kwa kusema « kufomati », hajafasiri chochote. Amelivika tu neno vazi la Kiswahili. Angesema « kufuta orodha yote na kuanza upya », mwenye kadi angeondoa kidole. Jibu sahihi ni hapana, na hata aliyekwisha kujibu ndiyo asikate tamaa upesi. Ufutaji wa haraka hugusa orodha zaidi kuliko picha; ule kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri juu ya kila kitu. Madhali kadi haijaandikwa kitu kipya, programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, huipuuza orodha iliyoharibika na kutafuta picha kwa kuangalia jinsi zinavyoanza. Majina ya mafaili hayarudi, picha hurudi. Zihifadhiwe katika diski nyingine, kamwe si katika kadi ile ile.

Kisoma kadi kimoja cha bei ndogo hupunguza sehemu kubwa ya shida hizi. Kadi ikisomeka humo, ugonjwa ni wa kamera, waya au programu, na picha zimekwisha kuokolewa. Isiposomeka katika kompyuta mbili tofauti, ugonjwa ni wa kadi, na hakuna haja ya kuisumbua kamera. Inashangaza kwamba jaribio hili hufanywa mwisho badala ya mwanzo.

Waundaji wa istilahi wa Dar es Salaam na Nairobi wamejadiliana kwa miaka mingi kuhusu majina ya vitu, iwe kompyuta au tarakilishi, ilhali huko Butembo mtu husema « ordinateur » na kazi ikaendelea. Majina si tatizo kubwa. Mteja na fundi huonyeshana kifaa kwa kidole. Vitenzi havionyeshwi kwa kidole. Idara za lugha za vyuo vikuu vya mashariki ya Kongo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, zingeweza kuanza hapo: kwa jumbe chache za skrini zinazofasiriwa kila siku mbele ya watu ambao picha zao zinasubiri.

Kwa picha za ushahidi limebaki jambo moja. Tarehe na saa huandikwa na kamera ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo huokoka hata jina la faili linapopotea. Lakini kamera iliyokaa muda mrefu bila betri husahau saa na kuanza kuhesabu tangu tarehe iliyowekwa kiwandani, na picha ya mwaka 2019 ikaja kusomeka kuwa ya miaka kadhaa nyuma. Kabla ya kurekebisha saa ya kamera kama hiyo, picha moja ipigwe ya saa ya ukutani, au ya simu inayoonyesha tarehe, ili tofauti ya nyakati ijulikane na picha zote zilizotangulia ziweze kuhesabiwa upya.