Kioo Kikubwa na Nukta Zake

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama katika kilima cha Bugando na kulitazama ziwa, huona taa za wavuvi wa dagaa zikiwa kama mstari mmoja wa nuru. Lakini akishuka hata mwaloni Kirumba, akapanda mtumbwi na kuzikaribia, huona ya kuwa kila taa iko peke yake, na kati ya taa na taa mna giza. Picha ya televisheni imefanyizwa vivyo hivyo. Ni nukta za nuru zilizopangwa safu safu, na jicho lililo mbali huziunganisha kuwa sura moja.

Watu wengi hudhani ya kuwa kioo kikiwa kikubwa, picha huwa safi zaidi. Sivyo. Ukubwa hupimwa kwa inchi, kwa mshazari, toka pembe ya juu hata pembe ya chini ya upande wa pili. Bali usafi hutegemea hesabu ya nukta. Televisheni iandikwayo Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zizidishe, utapata 2,073,600. Ikiwa ya inchi 32 au ya inchi 55, hesabu ni ile ile. Katika ile kubwa nukta zimenenepa tu. (Nyingi za inchi 32 zenye herufi HD peke yake zina 1,366 kwa 768, yaani kama nusu. Soma sanduku kabla ya kutoa fedha.)

Tuseme mvuvi wa Igogo ameweka akiba ya msimu mzima, akanunua ya inchi 55, naye ana chumba kimoja cha futi 10, na kitanda kimechukua nusu yake. Nukta ya kioo hicho ni kama milimita 0.63, na jicho zuri huanza kuitambua mtu akiwa karibu kuliko mita 2. Watoto wake huketi mita 1 na nusu. Ya inchi 32 yenye nukta zizo hizo ingewafaa zaidi, kwa bei ndogo.

Liko na neno jingine. Mitambo ya zamani ya kurusha picha ilipozimwa Mwanza mwaka 2013, wengine walidhani ya kuwa king'amuzi kitawaletea HD. Lakini idhaa ikituma mistari 576, kioo cha mistari 1,080 hakina budi kuikisia iliyopungua, kama fundi azibaye tundu la wavu kwa uzi mpya. Tundu huzibika, lakini namba iliyo mgongoni mwa mchezaji, ikiwa haikutumwa, haitasomeka.