Redi doti ya gemu na ile ya kweli ni vitu viwili tofauti

Ukipita Makina au Laini Saba kule Kibera jioni, au ukishuka steji ya 46 Kawangware, hutakosa vijana wawili watatu wameinamia simu, vidole vinakimbia, mmoja anapiga kelele: "Nyuma yako! Nyuma yako!" Ni Call of Duty: Mobile, PUBG au Free Fire. Muulize yeyote kati yao anapenda kulenga na nini, atakujibu bila kufikiri: redi doti. Unaiokota chini, unabonyeza, inakaa kwa bunduki. Unaweka nukta juu ya adui, kwisha.

Kama wewe ni mmoja wao, tulia kidogo usome hii. Gemu imekuficha mengi.

Kwanza, kifaa chenyewe si cha jana. Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini kutoka Ireland, alisajili wazo lake mwaka wa 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikaanza kuuza kile cha umeme mwaka wa 1975. Ndani yake mna taa ndogo ya LED inayomulika kioo kilichopinda kidogo. Kioo hicho kinarudisha mwanga mwekundu kwa jicho lako, nawe unaona kama nukta inaelea kule mbali. Hakuna mwale wowote unaotoka kwenda kugusa shabaha, hiyo ni leza ya filamu.

Pili, hakikai kwa bunduki kwa kubonyeza. Kinafungwa juu ya reli safi, na skrubu zinakazwa kwa kipimo alichotaja mtengenezaji. Zikilegea kidogo tu, nukta inabaki pale pale machoni pako lakini risasi inaenda kwingine.

Tatu, na hapa ndipo kazi ilipo, lazima kisetiwe. Jicho lako linatazama kupitia kilengeo, lakini risasi inatoka kwa mtutu, sentimita kadhaa chini yake. Hiyo ni mistari miwili, na ni lazima ikutanishwe kwa hesabu. Chukua digrii moja, igawe mara 60, upate dakika moja ya pembe. Kwa umbali wa mita 100, dakika hiyo ni kama sentimita 2.9. Kwa mita 50 ni nusu yake, karibu sentimita 1.5.

Sasa mlengaji anapiga risasi tatu polepole kwenye karatasi, bunduki ikiwa imeegemezwa. Anatafuta katikati ya matundu yale matatu na kupima. Tuseme yako sentimita 6 chini ya shabaha kwa mita 50, na kila kliki ya kilengeo inasogeza dakika moja. Anazungusha kliki nne kwenda juu, kisha anapiga tatu tena. Akibadilisha aina ya risasi, huenda akaanza upya. Msee wa gemu hajawahi kupima hata karatasi moja.

Na hayo yote yanafanyiwa wapi? Kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kama ule wa Kirigiti, Kiambu, na mtu mwenye leseni. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamkataza yeyote kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti kinatoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Ndiyo, Kibera yenyewe ilianza na watu wa bunduki, askari Wanubi wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka wa 1902. Lakini wale walikuwa askari wa mafunzo na amri, si vijana wa kupokezana vyuma kichochoroni.

Kwa hivyo beshte akikuonyesha mguu wa kuku akuambie, "Nishikie tu hadi kesho," elewa anachokupa. Kosa ni kuwa nayo, hata kama hujafyatua. Na usidhani ya bandia ni mchezo. Ukiitumia kutishia mtu ili umwibie, sheria hiyo hiyo inakushika.

Kama kulenga kunakuvutia, hesabu yake iko karibu nawe. Fundi wa dishi anayepanda paa la mabati kutafuta setilaiti anacheza na pembe hizo hizo, digrii moja ikipotea, picha inapotea. Mpimaji ardhi naye anakula kwa pembe. Na lile kosa la paralaksi mwalimu wa Fizikia analolitaja kila ukisoma rula ukiwa umeinamisha kichwa ndilo watengenezaji wa vilengeo wanalopigana nalo hadi leo.

Gemu cheza, ushinde. Ukifa unarudi raundi ijayo. Mtu akikuita kando akuonyeshe kitu amefunga kwa shati, usisogee hata kuangalia. Enda nyumbani.