Tusingoje Uchungu Ndipo Tuondoke

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo akina mama hutuuliza mara nyingi kliniki: je, mama anaweza kuanza kujifungua bila kusikia uchungu, au kwa uchungu kidogo sana? Jibu ni ndiyo. Na kwa kuwa familia nyingi zinajua dalili moja tu ya kujifungua, yaani uchungu, wapo wanaochelewa kuondoka nyumbani kwa sababu ya kuungojea. "Hajaanza kuumwa, tulale kwanza," husema mama mkwe. Asubuhi huja na mambo yake.

Chupa kupasuka kabla ya uchungu

Katika kila akina mama 100 waliotimiza miezi yao, wapatao 8 hupasuka chupa kabla uchungu haujaanza. Wengine maji humwagika mpaka chini, wengine hulowa kidogo kidogo mchana kutwa. Zaidi ya nusu ya akina mama hao huanza uchungu wenyewe katika muda wa saa 24. Kwa nini basi tusiwaache nyumbani wangoje? Kwa sababu ile ngozi ya chupa ndiyo inayomkinga mtoto na vijidudu. Ikishapasuka, mlango umekuwa wazi, na kadiri saa zinavyopita ndivyo hatari ya uambukizo inavyoongezeka, kwa mama na kwa mtoto. Hospitalini tutampima joto, tutasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na ikibidi tutampa dawa au tutamwanzishia uchungu.

Mama atajuaje kuwa si mkojo? Mkojo una harufu yake, na mama akijikaza hukatika. Maji ya uzazi hayazuiliki. Akisimama au akikohoa hutoka tena. Avae kitambaa safi na aangalie rangi. Maji ya kawaida ni maangavu. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, mtoto amejisaidia tumboni, na hapo hakuna kungoja. Asikutane na mumewe, wala mtu yeyote asimpime kwa vidole huko nyumbani.

Kitovu kikionekana kimetangulia, mama apige magoti, kifua kiwe chini na makalio juu, na asafirishwe haraka kitovu kikiwa hakijaguswa.

Njia kufunguka kimya kimya

Aina ya pili tunaiona zaidi kwa akina mama waliokwisha kuzaa. Mama huja kliniki yake ya kawaida, kadi mkononi, akisema mgongo unauma kidogo. Akipimwa, njia imekwisha kufunguka sentimeta nne. Wengine husikia tumbo likikaza na kulegea tu. Wengine huona ute wenye damu kidogo, wakaupuuza.

Dalili moja inadanganya sana, nayo ni kusikia haja kubwa. Kichwa cha mtoto kikishuka hubana njia ya haja, na mama hudhani ni tumbo la kuendesha. Mama mwenye mimba iliyotimia, akisikia haja kubwa ya ghafla yenye kusukuma, asiende peke yake kwenye choo cha shimo. Amwite mtu. Wapo wanaojifungua kwa muda usiozidi saa tatu tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtoto hasubiri mlango ufungwe.

Kwa upande mwingine, mama mwenye uchungu mdogo unaokwenda polepole asikate tamaa. Zamani tulifundishwa kwamba njia lazima ifunguke sentimeta moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wengi huenda polepole kuliko hivyo na bado hujifungua salama, na kwamba uchungu wenyewe hasa huhesabiwa tangu sentimeta tano. Kwa hiyo msimpe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, wala vidonge vya kununua dukani. Vinaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mji ukapasuka.

Wale wanaohitaji uangalizi zaidi

Mama aliyeumia uti wa mgongo anaweza asisikie uchungu kabisa, kwa kuwa njia ya habari kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo imekatika. Huyu azungumze na mkunga mapema, na miezi ikikaribia akae karibu na hospitali.

Mama ambaye wiki 37 hazijatimia, akiona maji, damu, au tumbo likikaza mara kwa mara hata bila maumivu, aje siku hiyo hiyo. Zipo sindano za kuyasaidia mapafu ya mtoto njiti, lakini hufaa zikitolewa kabla hajazaliwa. Na aliyekwisha kupoteza mimba za miezi minne, mitano au sita bila uchungu wowote, asiseme amerogwa. Huenda mlango wa kizazi ni dhaifu. Tangu mwaka 1955, Daktari Shirodkar wa India alipoeleza namna ya kuushona, akina mama wengi wamesaidiwa hivyo. Ahudhurie kliniki mara tu ajuapo ana mimba.

Ipo pia hali inayofanana na nafuu, kumbe ni hatari kubwa: mama aliyekuwa na uchungu mkali kwa saa nyingi, hasa mwenye kovu la upasuaji, halafu uchungu ukakatika ghafla, akawa mnyonge na mwenye jasho baridi. Msiseme amepumzika. Mji wa mimba huenda umepasuka. Mkimbizeni.

Safari zetu za mlimani

Anayeishi Sakina au Kijenge ana hospitali karibu. Lakini anayetoka Ngarenanyuki hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha kabla ya kufika Usa River, na usiku wa masika njia hiyo si ya mchezo. Ndiyo maana uamuzi hufanywa mapema: kituo gani, gari la nani, nani abaki na watoto. Namba ya dereva jirani iandikwe kwenye kadi. Serikali nayo ina mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Hupigwa 115 bila malipo.

Mtoto akizaliwa njiani, simamisheni gari. Mkausheni kwa khanga safi, mlazeni kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, mfunikeni wote wawili pamoja na kichwa cha mtoto, kwa maana baridi ya Meru humwua mchanga upesi. Msivute kitovu, msikikate kwa wembe wa mfukoni. Kisha endeleeni na safari.

Jitihada hizi si za bure. Kwa takwimu za taifa, akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa 63 katika kila 100 kwenye utafiti wa mwaka 2015/16; mwaka 2022 walifika 81. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Kwa akina baba na mama wakwe tuna ombi moja. Mimba ikitimia, msiulize tu, "Umeanza kuumwa?" Ulizeni pia: "Maji yametoka? Kuna damu? Mtoto anacheza kama jana?" Jibu moja likiwatia wasiwasi, ondokeni. Mkifika tukaona bado, tutawarudisha nyumbani kwa furaha, na hatutawacheka.