Bibi ananyanyua mkonga tu, simu inajipiga yenyewe: inakuwaje?

Bibi yangu macho yamepungua nguvu. Simu ya kugusa kioo hataki hata kuiona, na kitochi chake anakosea namba kila mara. Ila simu ya mezani anaijua tangu ujana wake. Basi likizo iliyopita nikamfungia adapta, kile kiboksi kidogo kinachounganisha simu ya mezani na intaneti, nikaiseti ili akinyanyua mkonga tu, inipigie mimi. Nilijiona fundi kweli. Kumbe nimemfungia mlango.

Ili uelewe nilikosea wapi, tuanze na mlio. Ule mlio wa "tuuu" ukinyanyua mkonga unatengenezwa na kiboksi chenyewe, pale pale mezani. Ukibonyeza 1, simu inatoa sauti mbili kwa mpigo, hezi 697 na hezi 1209. Kiboksi kinazisikia, kinaandika 1, kinasubiri tarakimu inayofuata. Hakuna kilichotoka nje bado. Namba ikikamilika ndipo kinatuma ombi moja lenye namba nzima, kwa itifaki iitwayo SIP.

Sasa kitajuaje kama umemaliza? Simu ya mkononi ina kitufe cha kijani. Ya mezani haina. Kwa hiyo adapta hutumia mpango wa upigaji, yaani mstari mmoja wa alama unaoieleza namba zipi zinakubalika. Kwenye Linksys PAP2T, niliyotumia mimi, uko sehemu ya chini ya ukurasa wa laini. (Kuufikia ukurasa huo, bonyeza nyota mara nne kwenye simu, kisha 110#; itakusomea anwani ya kuandika kwenye kivinjari.) Herufi x ni tarakimu yoyote. Mstari wima maana yake "au". Na P ni saa inayoanza kuhesabu mkonga unaponyanyuliwa, kabla hujabonyeza chochote.

Mimi niliandika hivi:

(P0<:200>)

Yaani: subiri sekunde 0, kisha weka 200 mahali ambapo hapakubonyezwa kitu. 200 ni namba yangu ya SIP. Ilifanya kazi vizuri mno.

Usiku mmoja presha ikampanda. Alitaka kumwita mama mdogo, anayekaa mtaa wa pili. Kila akinyanyua mkonga, simu inalia kwangu, nami niko mji mwingine, nimelala, sauti nimezima. Hakuwa na njia ya kupiga namba nyingine yoyote, kwa sababu sekunde 0 haziachi nafasi hata ya kidole kufika kwenye kitufe. Bahati jirani alisikia akigonga ukuta.

Asubuhi yake nikaandika upya:

(P9<:200>|<1:201>|0xxxxxxxxxS0)

Akikaa kimya sekunde 9, inanipigia mimi. Akibonyeza 1 peke yake, inabadilishwa kuwa 201, namba ya mama mdogo. Na mtu mwingine pale nyumbani akitaka kupiga simu ya mkononi, tarakimu 10 zinazoanza na 0 zinapita. S0 mwishoni inasema usisubiri zaidi, piga. Akibonyeza tarakimu ya kwanza tu, ile saa ya P inakufa.

Kwa nini 9? Nilianza na 5. Bibi anatafuta kitufe kwa kupapasa, na 5 zilimwahi mara mbili. Hilo hulipati kwenye mwongozo wowote, inabidi ukae pembeni umtazame. Kitufe cha 1 nimekibandikia punje ya mchele kwa gundi.

Mambo mawili bado yananikosesha raha. Kwanza 112: kwenye simu ya intaneti, kufika au kutofika polisi kunategemea mtoa huduma, na wangu haipeleki. Ndiyo maana 1 inakwenda kwa mtu anayeweza kufika kwa miguu. Pili, umeme. Simu za zamani za waya zilipata umeme kutoka kituo cha simu, kwa hiyo giza likiingia bado ziliongea. Adapta ikikosa umeme ni pambo la meza. Nimemnunulia UPS ndogo yenye tundu la volti 12 kwa rauta na la volti 5 kwa adapta. Inasukuma saa chache. Umeme ukikatika usiku kucha, tunarudi kwenye kugonga ukuta.