Thogoto Si Jina Lililoharibika

Mgeni niliyemtembeza Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, alisoma kibao cha njiani akacheka. Wenyeji, alisema, walishindwa kutamka "Scot", jina likaharibika. Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo.

Wamisionari wa Kiskoti, wakiongozwa na Thomas Watson, walitoka Kibwezi wakaja Ugikuyuni mwaka 1898. Hawakuyaita makao yao Thogoto. Walioyaita hivyo ni majirani, kwa desturi yao ya kutaja mahali kwa mtu anayejulikana pale. Karibu na Ruiru pana Gwa Kairu, yaani kwa Kairu.

Na mbona wasiseme "Kwa Kairu"? Kwa sababu k ikifuatwa na silabi inayoanza kwa k, t au c, Kigikuyu huilainisha ikawa g. Ndiyo maana wenyewe husema Agĩkũyũ, na sisi kwa Kiswahili twasema Wakikuyu. S ya kigeni huwa th, na kila silabi hudai irabu yake. Basi s ikawa tho, k mbele ya t ikawa go, mwisho ukawa to. Shule nayo, kutoka neno la Kiingereza, ikawa thukuru: humo k imebaki k, maana inayofuata ni r. Anayeita huko kuharibu maneno hajui kwamba hiyo ni sheria, na mtoto wa Kigikuyu huitii kabla hajajua kusoma.

 

Linganisha jina hilo na la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchini mwaka 1883. Jina lake lilibandikwa maporomoko ya maji na mji ulio kando yake. Lilikuwa jina la ramani. Maporomoko yangali nalo, lakini mji sasa ni Nyahururu. Thogoto haikuhitaji kubadilishwa, kwa kuwa wenyeji ndio walioliumba jina hilo.

Leo vijana wengi wa huko hudhani ni jina la ukoo wa kale, na wazee waliokuwa wakisimulia wanapungua. Wewe uliyezaliwa Thogoto, msimulie mwanao kisa hiki mapema, kabla hajakutana na mgeni wa kumcheka.