Utumbo Uliokaa Mwisho wa Foleni

Mtoto akizaliwa chini ya gramu 2,500, kadi yake huandikwa uzito pungufu. Magoma, bondeni Korogwe chini ya milima ya Usambara, chanzo kimoja kinafahamika vizuri: malaria. Ukipanda kuelekea Lushoto mbu wanapungua. Huku chini wamejaa. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, chakula kikapita kwa shida, mtoto akakua nusu shibe. Kati ya 2008 na 2010 watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao wa Copenhagen waliwafuatilia kwa altrasaundi wajawazito karibu 1,000 wa Korogwe, wakaona jinsi malaria inavyompunguza mtoto angali tumboni.

Altrasaundi hupima kichwa, tumbo na paja. Utumbo haiuchunguzi, na mtoto wa mtu hapasuliwi atazamwe. Ndipo anapoingia nguruwe, mnyama ambaye wasomaji wangu wengi wa Tanga hawamgusi. Mmeng'enyo wake unakaribiana mno na wetu, na katika uzao mmoja hukosi vitoto vinono vya kilo moja na nusu pamoja na kinyonge kisichofika kilo. Mama mmoja, siku moja, riziki mbalimbali.

Kinyonge kikipasuliwa, utumbo wake mwembamba ni laini kama karatasi iliyolowa. Chakula kilipopungua tumboni, damu ilipelekwa kwanza kwenye ubongo, utumbo ukangoja. Vinyweleo vya kufyonzea chakula vimebaki vifupi, ukuta haukujaa. Cha ajabu, ukilinganisha na uzito wa mwili, utumbo huo huwa mrefu kuliko wa nduguze: bomba refu, jepesi.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndiyo ingeujenga utumbo huo, lakini saa zinahesabika. Kondo la nguruwe halipitishi kinga. Yote imo kwenye dang'a, na baada ya siku moja hivi utumbo hauipokei tena. Kinyonge kinatetemeka kwa baridi, kinasukumwa na wenzake, kinaachia chuchu. Mfugaji mzoefu huvifungia vinono kapuni saa nzima ili hiki kinyonye peke yake.

Mtoto wa Magoma ana nafuu: kinga nyingine hupewa tumboni, ingawa kondo lenye malaria huibania. Baada ya hapo anategemea maziwa yale ya njano ya mwanzo, ambayo bado wapo mabibi wanaoagiza yakamuliwe, yamwagwe.