Polisi wa Mji Hawatungi Sheria ya Bunduki

Katika jimbo la New Jersey, anayetaka kununua bastola haanzii dukani, anaanzia polisi. Hujaza fomu moja inayotumika jimbo zima, STS-033, siku hizi kwa njia ya mtandao. Hutaja wadhamini wawili wanaomjua. Hutia saini ya kuruhusu kumbukumbu zake za afya ya akili zichunguzwe. Huchukuliwa alama za vidole. Na hulipa ada, ambayo tangu sheria ya Desemba 2022 ni dola 25 kwa kibali cha bastola na dola 50 kwa kitambulisho cha mnunuzi wa silaha. Mwamuzi ni mkuu wa polisi wa mji anakoishi mwombaji, na pasipo na polisi wa mji, Polisi wa Jimbo. Manispaa ziko 564, kwa hiyo wakuu wa polisi nao ni mamia, na hapo ndipo sheria moja inapoanza kuwa na sura nyingi. Kituo kimoja hutosheka na fomu. Cha jirani, ng'ambo ya barabara tu, huomba barua ya mwajiri, bili ya umeme, mdhamini wa tatu, au fomu ya kituo chenyewe yenye muhuri wa notari.

Nyongeza hizo hazina msingi wa kisheria. Kifungu 2C:58-3 cha sheria za jinai za New Jersey, kwenye kijifungu cha f, kinakataza kuongeza sharti lolote kwenye fomu au kwenye utoaji wa kibali zaidi ya yale yaliyotajwa na sheria yenyewe. Bunge la jimbo lilijua linampa mkuu wa polisi mamlaka makubwa, likamwekea mpaka. Anayedai kwamba polisi wa mji wanawajua watu wao na wanahitaji nafasi ya kuchimba zaidi ana hoja, ila nafasi hiyo wanayo tayari. Sheria inawaruhusu kuchunguza, kuwapigia wadhamini simu, kupekua kumbukumbu za kesi na amri za mahakama za ugomvi wa nyumbani. Hata mtu asiye na rekodi yoyote anaweza kunyimwa ikiwa inajulikana kwamba tabia yake haifai kukabidhiwa silaha. Afisa akishuku kwamba mwombaji haishi anakodai kuishi, achunguze. Hiyo ni kazi yake. Kumgeuzia kila mwombaji mzigo wa kuthibitisha kile ambacho sheria haikuuliza ni jambo jingine kabisa.

Tena ubaya wa sharti la ziada hauko kwenye usumbufu peke yake. Mkuu wa polisi akikataa ombi, mwombaji ana haki ya kuelezwa sababu, na ana siku 30 za kuomba kusikilizwa na mahakama ya jimbo katika kaunti yake, bila ada ya kufungua shauri na bila nyaraka rasmi za kiwakili. Katika kesi ya Weston ya mwaka 1972, Mahakama ya Juu ya New Jersey ilieleza kwamba jaji hulisikiliza suala hilo upya tangu mwanzo. Hafungwi na maoni ya polisi. Huo ni ulinzi wa maana. Lakini ombi linaloambiwa “halijakamilika” kwa kukosa barua ya mwajiri halijakataliwa. Hakuna uamuzi, hakuna sababu, hakuna cha kukatia rufaa. Sheria inataka mkazi wa jimbo apate jibu ndani ya siku 30, na karatasi ya ziada ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kufanya siku hizo zisianze kuhesabiwa. Ni “njoo kesho” ileile ambayo sisi wahamiaji tunaifahamu kutoka ofisi za kwetu tulikotoka, iliyovalishwa suti ya Kimarekani.

Historia nayo haiwatetei wanaotaka afisa wa mahali aachiwe uhuru. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kulipuliwa kwa bomu huko Montgomery, Alabama, Mchungaji Martin Luther King Jr. aliomba kibali cha kubeba silaha. Alinyimwa. Mamlaka za mahali ndizo zilizokuwa na hiari ya kupima nani anafaa, na kasisi Mweusi aliyekuwa akitishiwa kuuawa hakupita kwenye mizani hiyo. Mnamo Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe sababu maalumu ya kubeba bastola hadharani, na siku iliyofuata Mwanasheria Mkuu wa New Jersey akaagiza sharti kama hilo liachwe. Katika tanbihi ya hukumu hiyo majaji walitahadharisha pia kwamba mfumo halali wa vibali unaweza kupingwa mahakamani ukigeuka kuwa wa kuchelewesha mno au wa ada zisizobebeka.

Wapo watakaosema: bunduki zimezidi Marekani, kikwazo chochote ni heri. New Jersey ni miongoni mwa majimbo yenye viwango vya chini kabisa vya vifo vya risasi nchini, na siwezi kubeza mchango wa sheria zake kali. Lakini ukali huo ni wa sheria zilizopitishwa bungeni na kupimwa mahakamani, si wa karani wa kituo. Sharti la kienyeji halimchuji mhalifu, maana mhalifu hapangi foleni polisi. Linamchuja dereva wa lori ambaye hapatikani mjini saa za ofisi, mlinzi wa zamu za usiku, mama mwenye duka ambaye hana mwajiri wa kumwandikia barua. Ndizo kazi za wengi wetu wahamiaji, Jersey City na kwingineko. Aliyekaa mtaani miaka miwili atawapata wadhamini wawili. Wa tatu ni shughuli.

Kwetu sisi wahamiaji kuna hatari nyingine, na hii isichukuliwe kwa wepesi. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye grini kadi kumiliki silaha, lakini inamkataza asiye na hati halali na, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya leseni ya uwindaji, aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi. Kutembea na bastola bila kibali cha kuibeba New Jersey ni kosa la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10. Na kwa asiye raia, hata mwenye grini kadi, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwa hiyo anayechoka kuzungushwa akatafuta njia ya mkato anahatarisha maisha yote aliyoyajenga huku.

Ukiombwa kitu kisichomo kwenye fomu ya jimbo, usigombane dirishani. Uliza kwa maandishi ni kifungu gani kinachokitaka, tunza ushahidi wa tarehe uliyowasilisha ombi, na siku 30 zikipita bila jibu mwandikie mkuu wa polisi kuomba uamuzi wa maandishi. Kama wewe si raia, muone kwanza wakili wa uhamiaji kabla hujajaza chochote.